Dereva Juu, Faiaman Chini

Baba yangu alikuwa faiaman wa garimoshi, mtu wa kuchochea moto wa injini, na rafiki yangu wa utotoni alikuwa binti wa dereva. Asiyelelewa katika nyumba za reli pale Ngara hawezi kujua maneno hayo mawili yalikuwa mbali kiasi gani. Baba zetu walipanda injini moja, wakala vumbi moja, wakarudi wakinuka mafuta yale yale mazito yaliyochomwa kwenye tanuru. Lakini wakishuka, dereva alielekea kwenye nyumba yenye bomba la maji ndani, na baba yangu akaja kwetu, chumba kimoja chenye pazia katikati, ambako maji tuliyapigia foleni nje. Binti wa dereva alikuwa na viatu vya shule na viatu vya kanisani. Mimi nilikuwa na viatu.

Tulicheza pamoja kila siku, na kila siku nilimwonea wivu. Wivu wenyewe haukuwa wa viatu hasa. Ulikuwa wa injini. Dereva ndiye anayeshika mpini wa mvuke, sawa, lakini mvuke huo hutengenezwa na faiaman. Yeye ndiye anayefungua na kufunga mafuta, anayechunga maji ya boila yasipungue, anayetupa mchanga ndani ya tanuru ili masizi yatoke kwenye mabomba. Ukiona moshi mweusi umepanda ghafla juu ya Dagoretti, ujue faiaman yuko kazini. Mimi nilijua hayo kwa sababu baba alinieleza nikiwa nimekaa juu ya paja lake. Lakini treni ikipita, watoto wote walipunga mikono wakimwambia rafiki yangu, "Injini ya baba yako hiyo!" Naye alikubali tu, kama mtu anayepokea salamu.

Baba alifariki nikiwa sekondari, kifua kilimsumbua muda mrefu. Sare yake ikarudishwa stoo, taa ikarudishwa stoo, na nyumba nayo ikarudishwa. Tukahamia mtaa wa Satellite. Katika vitu vyetu vyote hapakuwa na hata kimoja chenye chapa ya reli.

Labda ndiyo maana nikawa hivi nilivyo. Watu wengine hupenda mpira, mimi hupenda treni. Nilijua injini kwa namba zake, nikajua ipi ilipewa jina la mlima gani, ipi ilikatwa kuwa vyuma chakavu na ipi bado imesimama mahali ikiota kutu. Enzi za mvuke zilikuwa zimepita zamani, na hata treni za dizeli zilikuwa chache. Hata hivyo, Jumapili baada ya ibada nilitembea hadi stesheni ya Dagoretti, nikasimama pale kungoja chochote kitakachopita. Kina mama wa kanisa letu waliamini kwamba nina mwanamume anayefanya kazi stesheni. Niliwaacha waamini. Jambo hilo lilikuwa rahisi kuelezeka kuliko ukweli.

Kazi yangu ilikuwa Ngara tena, lakini sasa dukani: duka la jumla la nyuzi, zipu, vifungo na vitu vya mapazia. Siku moja, miaka ile ya elfu mbili simu za mkononi zilipoanza kuwa za kila mtu, aliingia mwanamke mnene kiasi, funguo za gari zikining'inia kidoleni.

"Nataka pete za pazia, zile kubwa kubwa," alisema bila kuniangalia.

Nikaziweka kaunta. Akainua macho, akanitazama, akaweka mkono mdomoni.

"Haki ya Mungu! Si wewe ni wa yule faiaman?"

Miaka yote hiyo imepita, nina mvi zangu kadhaa kichwani, na bado mimi ni wa yule faiaman.

"Ndiye mimi," nikasema. "Habari za siku nyingi?"

Tukakumbatiana juu ya kaunta. Alinukia vizuri. Akaniambia kwamba yeye na mume wake wana biashara ya kukodisha mahema na viti vya harusi, na wanakaa Karen. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na kuzikwa kwao upande wa Limuru. Mama yake alikuwa amebaki peke yake shambani.

"Macho yake imeharibika kabisa, haoni," alisema. "Nikaona nimlete tukae na yeye. Na wewe? Bado ni kupenda treni tu, kama tukiwa watoto?"

"Bado."

Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Basi ukuje Jumamosi. Mama alikuja na sanduku ya baba, imejaa makaratasi ya kazi. Ya nini, sijui. Inaniletea mende kwa nyumba. Ukitaka chukua, ama nitaichoma."

Nilimhesabia zile pete za pazia mara mbili na bado nikakosea.

Siku zilizobaki hadi Jumamosi zilinikaa vibaya. Nilikuwa nikipima lesi, nafikiria lile sanduku. Mimi sikuachiwa hata kifungo cha koti la baba. Yeye aliachiwa sanduku zima, na alichoona ndani yake ni mende.

Jumamosi niliomba ruhusa dukani nikaenda. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya ua mrefu wa kayaba, na kabla hata lango halijafunguliwa nilisikia harufu ya moshi. Rafiki yangu alinipokea akiwa na kandambili za nyumbani.

"Nilidhani hutakuja," alisema. "Watu wa hii mji wanasema tu watakuja. Tumeanza kusafisha."

Sikumngoja amalize. Nilizunguka nyumba. Mtunza bustani alikuwa amewasha taka na majani makavu kwenye shimo, na lile sanduku la bati lilikuwa wazi kwenye nyasi, limebaki nusu. Nusu nyingine ilikuwa shimoni. Nikamwomba yule bwana reki yake, sijui niliiomba au niliinyakua, nikaanza kuvuta makaratasi nje. Karatasi zilizobanana hazishiki moto haraka. Zilikuwa zimeungua kingo tu, na katikati bado nyeupe, au tuseme rangi ya chai. Nilipiga magoti nikiwa na viatu vyangu vya kanisani, nikazizima kwa viganja. Mtunza bustani akaniletea ndoo ya maji. Nikamwambia maji hapana, bwana, maji yataua wino.

Zilikuwa aina tatu. Kulikuwa na karatasi za safari, zile ambazo dereva hujaza kila anapotoka na kurudi: namba ya injini, wametoka saa ngapi, wamechukua maji wapi, wamechelewa kwa sababu gani. Kulikuwa na karatasi za matengenezo, ambamo dereva huwaambia mafundi wa karakana injini inaumwa wapi. Na kulikuwa na vipande vidogo vya tahadhari, ambavyo mkuu wa stesheni humpa dereva mkononi: nenda polepole mahali fulani, reli imelegea. Zote zilikuwa na mwandiko wa mtu mmoja, umelala kulia kama nyasi kwenye upepo.

"Nani huyo anakohoa?" sauti ikauliza kutoka barazani.

Alikuwa mama yake, amesimama na fimbo, kitambaa kichwani, macho yake yakiwa na ukungu mweupe.

"Ni mtoto wa faiaman, mama," rafiki yangu akajibu.

"Faiaman gani? Walikuwa wengi."

"Yule wa chumba cha mwisho, karibu na mfereji," nikasema.

"Yule mrefu wa Magharibi? Aliyekuwa akiimba?"

"Huyo huyo, mama."

"Njoo hapa." Nikapanda ngazi. Akanishika kifundo cha mkono, akanivuta nikae karibu naye. "Una nini hapo?"

"Makaratasi ya mzee."

"Basi nisomee moja."

Nilichukua iliyokuwa juu. Mzee aliandika Kiingereza kifupi cha kazini, mimi nikakigeuza Kiswahili nikisoma. Ilikuwa karatasi ya matengenezo. Alilalamika kwamba injekta ya kushoto, kile kifaa kinachosukuma maji ndani ya boila, inakataa kazi. Kisha akaandika, "Honi inalia yenyewe. Haizimiki."

Mama akaanza kucheka, kwanza tumboni, kisha mwili mzima.

"Honi! Ilikwama Kikuyu ikalia mpaka mjini! Watu walitoka majumbani wakidhani vita vimekuja. Alipofika nyumbani mzee hakuwa anasikia kitu. Anapiga kelele ndani ya nyumba, 'Leta chai!' Nami niko hapo hapo mbele yake! 'Chai! Chai!' Majirani wakajua leo wanapigana. Baba yako ndiye alikuja kugonga mlango. Anamwambia, 'Mzee, tafadhali, usimpige mama.' Na mume wangu hasikii, anamwambia, 'Ndiyo, karibu, kuna chai!'"

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. Mimi nilicheka naye, nikiwa na masizi hadi kwenye viwiko. Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni na trei ya juisi.

"Hiyo sijawahi kuisikia," alisema.

"Hukuuliza," mama yake akamjibu.

Nilikwenda nyumbani na sanduku zima. Kule Satellite nilizipangusa karatasi moja moja kwa brashi ya kupakia rangi, nikazinyoosha chini ya godoro, nikazitia kwenye mifuko ya plastiki ya faili. Na nilipokuwa nikizipanga ndipo nilipoanza kutafuta mstari wa pili. Kwa maana kila karatasi ya safari na ya matengenezo ilikuwa na mistari miwili ya majina: dereva juu, faiaman chini. Jina lake mwenyewe dereva aliliandika kamili, kwa mapambo, herufi ya mwisho akiivuta mkia. Jina la baba yangu lilikuwapo mara nyingi, lakini lilikuwa herufi moja na jina la ukoo, basi, na kwa mwandiko wa dereva. Hapakuwa na mahali hata pamoja ambapo baba aliandika mwenyewe. Tena kulikuwa na karatasi kadhaa ambazo mzee hakujisumbua hata kuandika herufi hizo. Kwenye mstari wa faiaman aliandika, "Yule yule."

Nilikaa na neno hilo kitandani. Kwa ajili ya ule mkia wa jina lake, nilimwonea wivu mtu aliyekufa.

Mama aliagiza nirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Ikawa desturi. Ninachukua faili moja, nakwenda Karen, tunakaa barazani, nasoma. Wakati mwingine karatasi haikumkumbusha kitu, akasema, "Pita." Wakati mwingine kipande kidogo cha tahadhari, kisicho na maneno kumi, kilimfungua akaongea mpaka jua likashuka: jinsi alivyokuwa akimfungia mumewe chapati kwenye kitambaa, jinsi mumewe alivyomletea kabichi za Kijabe na asali ya Molo, jinsi alivyojua kwa sauti ya honi tu kwamba ni yeye anayeingia. Aliniita mwanangu. Hakuachilia kifundo cha mkono wangu.

Mama yangu mzazi alikuwa amekwisha kufa wakati huo. Aliishi miaka yake ya mwisho katika chumba kile kile cha Satellite, na hakuna aliyemsomea chochote, maana hapakuwa na cha kusoma. Ndiyo sababu nilipotoka Karen jioni, nikipita kwenye zile nyasi zilizokatwa vizuri, nilikuwa nimeshiba na bado nina njaa. Rafiki yangu alikuwa na bomba, akapata gari, akapata Karen, na juu ya yote bado alikuwa na mama.

Kisha nikaanza kuona kwamba Jumamosi rafiki yangu anarudi mapema. Jumamosi ndiyo siku ya harusi, ndiyo siku ya mahema, lakini yeye alikuwa akiwaachia vijana wake kazi na kuja kukaa nasi barazani. Mwanzoni alibonyeza simu yake. Kisha akaweka simu kando. Siku moja nikiwa katikati ya kusoma akanyoosha mkono.

"Leta nisome mimi leo."

Nikampa. Alisoma namba ya injini, akasoma saa, akasoma stesheni, moja baada ya nyingine, haraka haraka. Mama alitega sikio, kisha akatikisa kichwa.

"Mrudishie mwenzako," akasema. "Wewe unasoma kama mtu anayesoma risiti."

Mimi niliangalia kayaba. Nilijua nikimwangalia usoni nitatabasamu.

Siku hiyo alinisindikiza hadi langoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Tulipofika pale akasimama mbele ya kile kilango kidogo, akanizibia.

"Nataka makaratasi ya baba yangu," alisema.

"Yapi? Yale uliyokuwa ukichoma?"

"Sikujua."

"Hukujua nini?"

Alikunja mikono kifuani.

"Sikujua mama anaweza kucheka hivyo," alisema. "Tangu nimlete hapa hajawahi kucheka. Nimemwekea redio, nimemwekea msichana wa kumpikia, nimemtafutia daktari wa macho. Kila kitu ananiambia asante. Asante, asante, kama mgeni. Halafu wewe unakuja na karatasi imeungua, anacheka mpaka analia. Na mimi ndiye mtoto wake."

Mtu mwingine angemhurumia. Mimi nilihisi kitu kitamu kikinishuka kooni.

"Wewe ulikuwa na kila kitu," nikamwambia. "Tangu Ngara. Maji ndani ya nyumba. Injini ya baba yako. Kila mtu, injini ya baba yako. Baba yangu alikuwa humo humo, lakini nani alimtaja?"

"Maji?" Alinikazia macho. "Wewe unaongea juu ya maji? Unajua sisi baba akirudi tulikuwa tunaambiwa nini? Tunyamaze. Dereva amelala. Tunatembea na vidole. Baba yako akirudi, anaanza kuimba pale kona, na nyinyi mnakimbia nje, anakubeba kichwani hivyo na uchafu wake wote. Mimi nilikuwa nachungulia kwa dirisha. Nilikuwa natamani baba yangu awe faiaman."

Sikujua nifanye nini na habari hiyo. Ilikuwa kama mtu amekuletea mzigo mlangoni kwako na hakuna mahali pa kuutua. Kwa hiyo nikasema lile lililokuwa tayari mdomoni.

"Karatasi sirudishi."

Nikapita.

Sikwenda Jumamosi iliyofuata, wala nyingine baada ya hiyo. Nilikaa nyumbani na faili zangu na nikajiambia nina raha. Lakini kusoma peke yangu hakukuwa na utamu tena. Niliona "kabichi" imeandikwa pembeni mwa karatasi moja kwa penseli, nikatamani kujua ni kabichi gani, na hapakuwa na wa kumuuliza. Nilimfikiria mama pale barazani, na nilichofikiria zaidi ni binti yake akiwa amekaa kwenye kiti changu.

Wiki moja, siku ya kazi, nilikuwa nimetoka dukani nikakuta gari lake kwenye kichochoro chetu cha Satellite, limebana ukuta kiasi kwamba wapita njia walipita upande wakilalamika. Alikuwa ndani akiningoja. Hakuwahi kufika kwangu kabla ya hapo. Nikamkaribisha. Nyumba yangu ilikuwa chumba na jiko, na akiwa ndani ikaonekana ndogo zaidi. Akatazama kochi, akatazama picha za injini ukutani, kisha akaiona rafu. Nilikuwa nimezipanga faili kwa namba za injini, kila faili na lebo yake.

"Hizi ndizo?" akauliza.

"Ndizo."

Akatoa moja, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaifungua mapajani. Nilikuwa tayari kwa ugomvi. Nilikuwa nimeuandaa siku nyingi, nikiwa naoga, nikiwa nakata lesi. Lakini yeye alisoma tu. Alisoma polepole safari hii, akifuata mwandiko kwa kidole juu ya plastiki.

"Aliandika hivi hata kwenye barua za shule," alisema. "Ile d yake. Mwalimu alikuwa anashindwa kuisoma, ananiuliza mimi." Akageuza ukurasa. "Hapa alichelewa Limuru kwa sababu ya ng'ombe."

"Wako wengi hao ng'ombe. Endelea utawakuta."

Akacheka kidogo. Nikawasha jiko nikaweka chai.

"Mama amenituma," akasema nikiwa nimempa mgongo. "Amesema tuamue sisi wawili. Amesema yeye alichoka na watu wa reli kugombana tangu zamani."

"Zile zenye jina la baba yangu sitoi," nikasema.

"Na zile za 'yule yule'?"

Kumbe alikuwa ameziona. "Hizo pia."

"Sawa."

Tukazimwaga faili sakafuni tukaanza kugawa, za kwako, za kwangu, kama wasichana wanaogawana shanga. Tulikwenda vizuri mpaka tulipoifikia ile ya honi. Mstari wa faiaman ulikuwa umeungua, haujulikani uliandikwa nini. Tuliishika sote wawili, yeye upande wa juu, mimi upande wa chini.

"Baba alikuwemo kwenye kisa hicho," nikasema. "Yeye ndiye alikwenda kugonga mlango."

"Lakini mama ni wangu," alisema.

Hakuisema kwa ubaya. Nikaachilia.

Alichofanya na mgao wake kiliniumiza kuliko nilivyotarajia. Alizitia kwenye fremu. Nilipoanza kwenda Karen tena nilizikuta sebuleni, zimepangwa ukuta mzima, vioo vinang'aa, ile ya honi katikati. Na siku waliyokuwa na wageni, watu wa biashara na wake zao, mimi nikiwa nimekaa karibu na mama na sambusa mkononi, nikamsikia bwana mmoja wa suti akimsifu.

"Hii ni kazi kubwa sana umefanya," alisema. "Watu wengi wangechoma hivi vitu."

"Ah," rafiki yangu akasema, akirekebisha fremu iliyokuwa imenyooka. "Nilijaribu tu."

Mama alinigusa goti. Hakuona sura yangu, lakini nadhani alisikia nilivyoacha kutafuna.

"Mwache," alinong'ona. "Anajifunza."

Mwisho wa mambo ulikuja kwa njia ambayo hakuna kati yetu aliyeitarajia. Yule daktari wa macho aliyetafutwa muda mrefu alisema ukungu unaweza kutolewa. Rafiki yangu aliniambia jikoni tukiosha vyombo, na kwa jinsi alivyosugua sufuria nilijua amefikiria kile kile nilichokuwa nafikiria.

"Akiona, atasoma mwenyewe," alisema.

"Tumshukuru Mungu," nikasema.

"Tumshukuru Mungu," akasema naye, na tukaendelea kusugua.

Jicho la kwanza likafanyiwa, likapona, kisha la pili. Mama akapewa miwani. Jambo la kwanza alilotaka ni kuiona nyumba ya binti yake, akazunguka chumba kwa chumba akigusa mapazia. La pili, akaagiza fremu zote zishushwe ukutani na zitolewe vioo. La tatu, akanipigia simu yeye mwenyewe.

"Niletee na zako," alisema. "Zote."

Nilizipeleka. Ziliniuma kuziacha kule. Kila jioni Satellite niliitazama rafu tupu. Jumamosi nilipofika nilimkuta chumbani mwake, amekaa kitandani, makaratasi yametandazwa kwenye shuka kama nafaka inayoanikwa. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni tayari.

"Mama, nikusaidie hapo?" nikauliza. "Hilo neno ni injekta."

"Najua injekta," alisema bila kuinua macho.

"Mama, hiyo mwandiko ni ngumu," binti yake akasema. "Leta nikusomee."

"Huu mwandiko ulianza kuniandikia mimi barua kabla wewe hujazaliwa. Tokeni, nyinyi wawili. Fungeni mlango."

Tukatoka. Tukakaa barazani, kila mmoja na kikombe chake. Ndani tulisikia karatasi zikigeuzwa, moja moja. Kisha tukamsikia akicheka, peke yake, kicheko cha chini chini ambacho hatukuwahi kukisikia alipokuwa nasi.

Rafiki yangu aliinuka kabla yangu, lakini tulifika mlangoni pamoja. Akagonga.

"Mama, ni gani hiyo? Imesema nini?"

"Haiwahusu," sauti ikatoka ndani. "Ni mambo yangu na bwana yangu."

Tulisimama pale kidogo, mabega yakigusana, kila mmoja akitega sikio. Tukarudi barazani. Chai ilikuwa imepoa, nikachukua vikombe vyote viwili nikaenda kuipasha.